Mnyoo Aliyepewa Jina la Nereida

Inatangazwa kwa wote wapendao na wapendwao, walioolewa, walioachika na wale wanaosubiri simu ambayo haitapigwa, kwamba Jumapili ya pili ya mwezi wa Juni, saa saba na robo mchana, katika mji wa Santa Rosalía, jina la Nereida Murillo Ceseña lilitangazwa kuwa limeingia katika orodha ya viumbe wa dunia hii, na humo litadumu hata baada ya sisi sote kuwa udongo. Tafadhali simameni.

Haya, kaeni. Jina lenyewe alipewa mnyoo.

Mnyoo huyo hafiki urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hana macho, hana mdomo, hana tumbo. Tumbo la nini, wakati anaishi bure ndani ya utumbo wa papa mdogo wa kijivu ambaye wavuvi wa kwetu humwita mamón? Kichwani ana kulabu nane za kujishikiza, na mwili uliobaki ni pingili tu, moja nyuma ya nyingine, kama mabehewa. Sifa yake ni moja tu: kabla ya Nereida, hakuna binadamu aliyewahi kumwona. Na sifa hiyo moja ndiyo iliyovunja uchumba.

Siku hiyo Leandro Uribe alikuwa anakuja kumposa rasmi, akiwa na mama yake mzazi, Doña Eugenia, aliyetoka naye mji mkuu kwa ndege na kisha kwa basi. Nyumba ya akina Murillo ilikuwa imefagiliwa mpaka nyuma ya kabati ambalo halijasogezwa tangu Nereida azaliwe. Jikoni, mama yake, Doña Chayo, alikuwa anakandamiza tortila, mikate yetu bapa, kama mtu anayemkandamiza Leandro mwenyewe.

"Mwenzio Maricruz ameposwa na mtu wa benki," alisema. "Binti wa mwokaji mikate ameposwa na mtu wa bima. Wewe umepata mtu wa minyoo."

"Mama, na mimi ni mtu wa minyoo."

"Wewe nilikuzaa, sina la kufanya. Huyu naweza kumkataa."

"Mama, nampenda."

"Sijasema humpendi. Nimesema ananuka dawa ya maiti. Siku ya kwanza kuingia humu ndani, wanaume wengine huleta maua. Yeye alileta ndoo. Nikasema, labda ni samaki. Nafunua, matumbo!"

Nereida alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, vidole vyembamba vilivyokatwakatwa na mkasi, na alama nyekundu ya hadubini chini ya kila jicho, kama mtu aliyelala juu ya miwani. Alikuwa na furaha, wasomaji. Naomba muitazame vizuri furaha hiyo, kwa sababu sura hii haina nyingine.

Huyu binti alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamivu, na chuo chake kilikuwa na sharti lisilo na huruma: huvai joho mpaka uwe na utafiti mmoja uliochapishwa, jina lako likiwa la kwanza. Utafiti wake ulikuwa mnyoo yule. Kwa miaka minne baba yake, Don Cástulo, ambaye amevua papa tangu kabla ya kuoa, alikuwa akipasua matumbo palepale ufukweni na kuyaweka kwenye barafu, maana mnyoo wa papa ukimchelewesha kidogo tu anageuka uji. Nereida alifungua kila utumbo kwa mkasi, akafuata ule msokoto wa ndani unaopanda kama ngazi ya mnara, akaokota minyoo mmoja mmoja kwa brashi ya rangi. Papa mia tatu na kumi na wawili. Mnyoo wake alimpata kwa papa tisa tu. Alimpaka rangi, akamlaza kwenye kioo, akachora kila kulabu kwa kalamu ya risasi, na pembeni mwa kila mchoro akaandika tarehe.

Leandro, mwenzake wa maabara na mchumba wake wa miaka miwili, alikuwa anapima na kuandika maelezo. Walikubaliana mapema sana, mikono ya wote wawili ikinuka formalini, ile dawa ya maiti: waandishi watakuwa Murillo kwanza, Uribe pili, na mnyoo ataitwa kwa jina la Don Cástulo. Mzee alipoambiwa, aliombwa aifanye siri. Alimwambia kinyozi tu. Kufikia jioni hata padri alikuwa anampongeza.

Wageni walifika saa sita na nusu. Leandro alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hata mahali pasipoonekana. Alipomwona Nereida mlangoni, alimtazama kwa ule mtazamo wake, jicho moja likifumba kidogo na pumzi ikisimama, namna anavyotazama kitu adimu ndani ya hadubini. Nereida akasahau kumkaribisha ndani. Miaka miwili, na bado.

"Umependeza," Leandro alinong'ona.

"Usinisogelee, mama anatunusa."

"Nimeoga mara tatu."

"Ongeza ya nne."

Walikaa mezani: Doña Chayo upande mmoja, Doña Eugenia upande wa pili, kama makamanda. Kulikuwa na machaca, yaani nyama ya samaki taa iliyochambuliwa na kukaangwa na pilipili, maharage, chaza wa kuchoma, na tortila za ngano zilizofunikwa kwa kitambaa. Don Cástulo, katika shati lililombana shingo, alikuwa anamtabasamia kila mtu, hata chumvi.

"Mwanangu," Doña Eugenia alianza, akipangusa midomo ambayo haikuwa na kitu, "si kijana wa kawaida. Tangu Mei ndiye mtunzaji mpya wa mkusanyiko wote wa minyoo katika makumbusho ya mji mkuu. Waliomba watu arobaini. Wakamchukua yeye."

"Hongera," alisema Doña Chayo. "Na hao minyoo wanakula nini?"

"Wamekufa, mama," alisema Nereida.

"Basi kazi nyepesi."

Leandro alicheka pamoja na wengine, kisha akasimama. Alisema maneno ya posa vizuri, hakuna aliyeweza kumlaumu: kwamba anamheshimu Don Cástulo, kwamba anamheshimu Doña Chayo, kwamba hana maisha mengine anayoyataka ila ya pamoja na binti yao. Doña Chayo alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kijana, nitakujibu kwa adabu," alisema, "kwa sababu mama yako ametoka mbali na basi letu halina viti vizuri..."

"Kabla hujanijibu, mama, niruhusu nitoe zawadi."

Akachukua kutoka chini ya kiti kitu bapa kilichofungwa kwa karatasi ya dhahabu, akamkabidhi Nereida. Ndani yake kulikuwa na fremu ya mbao nzuri. Ndani ya fremu, chini ya kioo, kulikuwa na ukurasa wa jarida la kisayansi, na katikati ya ukurasa kichwa cha mnyoo, kulabu zake nane zikiwa zimechorwa kwa mistari laini kama nywele.

Nereida alishika mdomo. Mnyoo wake. Amechapishwa. Akamtazama Leandro kwa macho yaliyojaa maji, na katika dakika hiyo angeweza kuolewa naye palepale, akiwa na aproni.

"Limeandikwa Kiingereza," Leandro alisema, "lakini nitawasomea. Kila kiumbe kipya kikipewa jina, lazima mwandishi aeleze limetoka wapi. Hapa nimeandika: 'Jina la mnyoo huyu, *nereidae*, ni kwa heshima ya Nereida Murillo, kwa msaada wake na uvumilivu wake.' Jina likishachapishwa hivi, hakuna wa kulifuta. Si mimi, si serikali, si mtu yeyote. Miaka mia tano ijayo, mtu akimfungua papa huyu, atamkuta Nereida."

Doña Chayo akasema polepole, "Milele?"

"Milele, mama."

"Na hili neno lililofuata jina lake ni nini? Uribe?"

"Ni desturi yetu. Jina la kiumbe hufuatwa na ukoo wa aliyemtambulisha kwa dunia."

"Nereida, halafu Uribe," alisema Doña Chayo, na machozi yakamtoka bila taarifa. "Cástulo, unaona? Wameshaandikwa pamoja! Kwenye kitabu! Ee Bikira Mtakatifu, na mimi nilikuwa nimepanga kumkatalia huyu mtoto." Alizunguka meza, akamkumbatia Leandro, akamnusa kidogo, akamkumbatia tena. "Nimekubali! Mchukue! Kula, mwanangu, mbona huli?"

Doña Eugenia alilia kwa mpangilio. Watu walipiga makofi. Leandro alimvisha Nereida pete, na Nereida aliuacha mkono wake uvishwe, kwa sababu macho yake yalikuwa yamebaki kwenye fremu. Alikuwa anatafuta kitu.

Alitafuta chini ya kichwa cha habari, mahali pa waandishi. Palikuwa na jina moja. Akatafuta tena, kama mtu anayepapasa mfuko ambao amekwisha kuupapasa. *Leandro Uribe Zaldívar*. Basi.

Upande wa pili wa meza Don Cástulo alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limepoa. "Ni jina zuri, binti yangu," alisema. "Limekaa vizuri kuliko lile la kwanza." Kisha akainama akamega tortila, akaishika mkononi, hakuila.

Nereida aliinuka. "Leandro, njoo unisaidie kuleta maji."

"Maji yapo hapa," alisema Doña Chayo.

"Mengine."

Walitoka uani, palipoanikwa mashuka, karibu na jokofu bovu ambalo Don Cástulo huliwekea barafu na matumbo. Nereida alikuwa amebeba fremu kifuani.

"Umefurahi?" Leandro aliuliza. Alinyoosha mkono amguse shavu.

"Jina langu liko wapi?"

"Lipo! Limeandikwa kwa herufi za mlazo, lina..."

"Jina la mwandishi, Leandro. Murillo. Liko wapi?"

Alicheka kidogo, kama mtu aliyetegemea swali hilo na kulifanyia mazoezi. "Hiyo ndiyo zawadi yenyewe, mpenzi. Unajua adabu ya kazi yetu. Mtu hampi kiumbe jina lake mwenyewe. Watu wangekucheka kwenye kila mkutano. Ungekuwa mwandishi, nisingeweza kukupa jina. Ilibidi moja litoke ili lingine liingie. Nikafikiri, uandishi unasahaulika, jina halisahauliki. Nikakuchagulia kilicho kikubwa."

Nereida alimtazama. Maneno yale yalikuwa matamu, na alitaka kuyaamini kiasi kwamba alijiona akiyageuza geuza, akitafuta upande ambao yangeweza kuwa kweli. Akaona hakuna.

"Jina la baba yangu lilikuwa limeshakaa pale," alisema. "Tulishakubaliana. Baba si mwandishi. Kwa jina lake hakuna mtu aliyehitaji kutoka. Mimi ningebaki, na wewe ungebaki."

Leandro aliutazama mlango wa jikoni.

"Ulihitaji jina linalonitoa," Nereida alisema, sauti ikiwa chini kabisa. "Kwa hiyo ukachukua langu."

"Nere, usiseme hivyo. Nimekuposa leo mbele ya mama yangu."

"Soma hapa." Aliweka kidole kwenye kioo, chini kabisa ya ukurasa, pale ambapo kila jarida huandika kwa herufi ndogo mambo ambayo hakuna mama mkwe anayeyasoma. "Soma kwa sauti."

"Nere..."

"Basi nitasoma mimi. 'Umepokelewa tarehe kumi na tisa Februari.' Maombi ya kazi ya makumbusho yalifungwa lini?"

Leandro akaanza kukunja mikono ya shati.

"Mwisho wa Februari. Nilikusaidia kupiga mihuri, Leandro. Nililamba bahasha kwa ulimi wangu." Alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kusikia. "Na Machi? Unakumbuka Machi uliniambia nini?"

"Sikumbuki."

"Uliniambia kulabu ya tatu haijakaa sawa. 'Tusitume kwanza, mpenzi, chora upya.' Nikachora upya. Aprili ukasema kivuli. Nikachora upya. Mara sita! Nilikuwa nalala na mkono umefungwa kitambaa cha moto, wewe ndiye uliyekuwa unanifunga. Nilikuwa nachorea kitu gani? Utafiti ulishakwenda kwa mhariri!"

"Sikujua nikuambieje."

"Kwa hiyo ukanipa kazi ya kufanya."

"Profesa wetu alisema utafiti wenye majina mawili ungehesabiwa nusu kwenye maombi ya kazi." Sasa alikuwa anaongea haraka, shati lake jeupe likianza kulowa mgongoni. "Nafasi ilikuwa moja. Nilifikiri, nikiipata mimi tumeipata sote. Nyumba ni yetu, jina ni letu. Nilikuwa nafikiria sisi."

"Na shahada yangu? Ulipokuwa unafikiria sisi, mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Utapata mwingine. Baba yako ana papa kila wiki. Kuna minyoo chungu nzima mule, Nere, wewe una jicho, utapata mwingine hata kabla ya Krismasi."

Hapo ndipo lilipokatika, wasomaji, lile la ndani ambalo madaktari hawalioni. Mwanamume huyu alikuwa amekaa naye usiku na mchana juu ya papa mia tatu na kumi na wawili. Yeye, kuliko mtu mwingine yeyote duniani, alijua maana ya wale tisa tu.

Upepo ulileta shuka usoni mwa Leandro, akapambana nalo. Siku nyingine Nereida angecheka na kumtoa humo kwa busu. Alisubiri tu mpaka akajitoa mwenyewe.

"Nakuomba jambo moja," alisema. "Moja tu, na sitalirudia. Kesho mwandikie mhariri. Mwambie jina la mwandishi wa kwanza liliachwa. Watachapisha masahihisho, hufanyika kila mwaka. Mnyoo abaki na jina langu, watu wacheke, nitacheka nao. Mimi nipate shahada. Nasi tutaoana."

"Wakichapisha masahihisho, makumbusho watauliza kwa nini."

"Watauliza."

"Wanaweza kuninyang'anya kazi."

"Wanaweza."

Leandro aliinamisha macho. Nereida alitazama yanakoelekea. Kama yangekuja kwake, hata kwa hasira, angekuwa na kitu cha kushika. Yalikwenda kwenye fremu, pale penye jina moja, yakakaa.

"Nipe muda nifikirie," alisema.

"Umeshafikiria. Tangu Februari."

Aliporudi ndani, mama yake alikuwa ameshafika kwenye idadi ya wageni wa harusi. "Mia na themanini bila watoto," alikuwa anamwambia Doña Eugenia. "Nereida, mbona umekuwa mweupe hivyo? Furaha? Kaa, ule."

"Mama, hakuna harusi."

Kijiko cha Doña Eugenia kilitua kwenye sahani kwa kishindo kidogo. "Samahani?"

Nereida alimgeukia baba yake; kwa mama hakujua aanzie wapi. "Baba, ukivua papa peke yako, ukahangaika naye mpaka ukamtia kwenye boti. Halafu mwenzako, uliyempakia wewe mwenyewe, akamtwaa, akampeleka kupimwa kwa jina lake. Kisha akarudi kwako na tabasamu, akasema, ndugu, usijali, boti yangu mpya nimeiita kwa jina lako. Utasemaje?"

Don Cástulo alifikiri. Ni mtu anayefikiri kabla ya kujibu, ndiyo maana watu humdhani mpole. "Nitamwuliza," alisema, "papa wangu yuko wapi."

"Nimemwuliza."

"Akasemaje?"

"Amesema nitavua mwingine."

Mzee aliiweka chini ile tortila. Leandro alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, Don Cástulo hakumtolea tabasamu.

"Huu ni utovu wa shukrani!" Doña Eugenia alisema. "Mwanangu amempa heshima ambayo mimi mama yake sijapewa. Kuna mnyoo mwenye jina langu? Hakuna!"

"Wapo wengi bado ndani ya papa, mama," alisema Doña Chayo, "mmoja atalipata tu wakati wake." Akainuka, akakichukua kikapu cha tortila kilichokuwa mbele ya Leandro, akakifunika kwa kitambaa na kukiweka juu ya kabati. "Kijana, mimi nilikukataa miaka miwili kwa sababu ya harufu. Ilikuwa sababu ya kijinga, nakiri. Leo umenipa nzuri. Chukua fremu yako."

"Fremu inabaki," alisema Nereida. "Michoro ni yangu."

Basi lao lilikuwa la saa kumi. Na hivi ndivyo ilivyokuwa mwisho, uandikwe kwa wino wa dhahabu: Nereida Murillo alishuka mpaka gatini, kichwa juu, uso mkavu kama jiwe la jangwani. Akaivua pete, akaitupa baharini kwa mkono wake wa kuchorea, mbali kuliko mwanamke yeyote wa Santa Rosalía alivyowahi kutupa kitu. Akageuka, akarudi nyumbani, na wala hakutazama nyuma hata mara moja. Leandro alipiga magoti barabarani. Mbwa walilia.

Hapo ndipo nilipomalizia. Nikaacha karatasi mezani kwenda kutafuta chochote cha kula, na niliporudi Nereida alikuwa ameisoma sura yote, amesimama nayo mkononi.

"Mbwa walilia?" aliuliza.

"Ni sanaa, binamu."

"Na pete nimeitupa baharini."

"Kidogo tu."

"Mimi nikichora kulabu ambayo sikuiona," alisema, "natupwa nje ya chuo. Wewe unachora mwanamke mzima." Hakunigombeza. Angenigombeza ningeweza kujitetea. Alinirudishia karatasi. "Andika nilichofanya."

Basi nakiri, mbele ya wote niliowasimamisha pale juu.

Pete alimpa Leandro mkononi, sebuleni, naye akaitia mfukoni haraka kwa sababu mama yake alikuwa anatazama. Hakupiga magoti. Alisema, "Nitakupigia simu."

Na Nereida hakushuka gatini. Doña Eugenia alisahau mtandio wake kwenye kiti, na Nereida akauchukua, akakimbia nao mpaka kituo cha basi. Mtandio wenyewe ulikuwa wa bei nafuu, mtu angeweza kuutuma kwa posta. Aliupitisha dirishani. Kisha akabaki amesimama hapohapo, chini ya dirisha la Leandro, na akasubiri. Alikuwa anasubiri neno moja, "nitaandika", yaani kwa mhariri. Alikwisha kumsamehe, ilionekana hata mgongoni mwake. Basi lilichelewa kuondoka dakika kumi na mbili, kwa hiyo kijana hakukosa muda. Aliongea na mama yake, akarekebisha kiti, akafunga pazia kwa ajili ya jua.

Jumatatu Nereida alimwandikia mhariri mwenyewe. Kurasa tatu, na nakala za michoro arobaini na minne, kila mmoja una tarehe pembeni kwa mkono wake. Jibu halijafika. Kila posta inapopita, yeye husema hajali, naye Don Cástulo hutoka kwenda kuangalia sanduku.

Wala si kweli kwamba hakutazama nyuma. Basi lilipoondoka alitembea kuelekea nyumbani, na kabla ya kona ya kanisa aligeuka mara tatu, labda litakuwa limesimama. Mara tatu. Nilihesabu, kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya gari la barafu nikitafuta mwisho mzuri wa sura hii, na yeye alikuwa analia kwa sauti, na mimi sikutoka.